Suluhisho Bila Baraza: Riwaya ya Kiswahili na Matatizo ya Jamii ya Kesho

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna fasihi ya Kiswahili inavyobuni na kuwasilisha masuluhisho ya matatizo ya jamii, hasa yale ambayo dalili zake zinaonekana leo lakini uzito wake utahisiwa kesho. Kwa kurejelea riwaya tatu, Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert, Gamba la Nyoka (1979) ya Euphrase Kezilahabi na Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, tunajenga hoja kwamba ubora wa suluhisho haupimwi kwa wazo lenyewe pekee. Hupimwa pia kwa baraza linalolisikiliza, kwa lugha linayosemwa, na kwa nafasi anayopewa yule atakayepoteza kitu. Mwishoni tunapendekeza maswali manne ambayo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuyatumia anapobuni utatuzi, na kuyajaribu katika suala la maji na mchanga kule Ukambani.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi katika vyuo vyetu amezoezwa vyema kutambua matatizo. Mpe riwaya yoyote, naye ataorodhesha ufisadi, ukabila, ukosefu wa kazi na uharibifu wa mazingira kabla wino haujakauka. Anapoulizwa kuhusu utatuzi, hata hivyo, kalamu yake huwa nzito. Aghalabu insha humalizikia katika sentensi moja tuliyoizoea sote: serikali inapaswa kuingilia kati. Iingilie vipi, kwa fedha za nani, na itawaambia nini wale watakaopoteza riziki yao? Hayo hayasemwi.

Upungufu huu una athari nje ya chumba cha mtihani. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Kenya mwaka 2019, umeweka ubunifu pamoja na utatuzi wa matatizo miongoni mwa umilisi wa kimsingi ambao kila mwalimu, akiwamo wa Kiswahili, anatarajiwa kuukuza. Wengi wetu tunaosoma jarida hili tutasimama mbele ya madarasa hayo. Ni muhali kumkuzia mtoto kile ambacho sisi wenyewe hatukufunzwa kukitenda.

Wapo watakaodai kwamba utatuzi ni kazi ya wahandisi na wachumi, na kwamba fasihi inatosheka kuonyesha. Dai hili halikubaliani na historia ya fasihi yenyewe. Thomas More alipochapisha kitabu chake cha Kilatini, Utopia, mwaka 1516, aliupa ulimwengu jina la utanzu mzima wa njozi za jamii bora. Jina hilo la asili ya Kigiriki lina maana ya mahali pasipokuwapo. Jambo ambalo halikumbukwi mara nyingi ni kwamba sehemu ya kwanza ya kitabu hicho, kabla kisiwa hakijaelezwa kwa ukamilifu, ina mjadala mrefu kuhusu iwapo kuna faida yoyote kwa mtu mwenye hekima kuwashauri wafalme. Swali la namna ya kuliwasilisha suluhisho lilitangulia suluhisho lenyewe. More mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 1535 chini ya utawala wa Mfalme Henry wa Nane, ambaye More aliwahi kuwa mshauri wake.

2.0 Sarufi ya Kesho

Kiswahili kina hazina ya fikra kuhusu kesho hata kabla hatujafungua riwaya. Chukua methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Humu mna utabiri kamili: tatizo la sasa ni dogo, muda unapita, na gharama ya baadaye ni kubwa kuliko ya leo. Lakini methali hiyo inanyamazia mambo mawili. Haisemi ni nani atakayeuziba ufa, wala haisemi udongo wa kuuzibia utatolewa katika shamba la nani.

Tazama pia viambishi vyetu vya masharti. Anayesema “tungeuziba ufa, nyumba ingesimama” bado ana nafasi ya kutenda. Anayesema “tungaliuziba ufa, nyumba ingalisimama” anaomboleza. Kati ya -nge- na -ngali- pana umbali wa kizazi kizima. Kazi ya anayebuni masuluhisho ya kesho ni kuisaidia jamii kusema kwa -nge- kabla haijalazimika kusema kwa -ngali-. Riwaya ni mojawapo ya mahali ambapo zoezi hilo hufanyika bila nyumba ya mtu yeyote kuporomoka.

3.0 Kusadikika: Suluhisho Mbele ya Mahakama

Shaaban Robert (1909–1962) alikuwa mtumishi katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, na wahakiki wengi wameisoma Kusadikika kama istiara ya utawala huo. Nchi ya Kusadikika inaelea angani. Karama, mhusika mkuu, anashtakiwa kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, na mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Katika kujitetea, Karama hakanushi sana tuhuma kama anavyosimulia. Anawakumbusha wasikilizaji habari za wajumbe sita waliotumwa katika pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe alirudi na mawazo ambayo yangeweza kuinufaisha nchi; kila mmoja akaishia kutiwa gerezani.

Mambo matatu yanastahili kuzingatiwa hapa. Kwanza, suluhisho katika riwaya hii halichipuki kichwani mwa mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Linatafutwa kwa safari, kwa kulinganisha na kwa kuuliza jinsi majirani wanavyoishi. Pili, kushindwa kwa wajumbe hakukutokana na udhaifu wa mawazo yao. Kulitokana na ukosefu wa baraza lenye nia ya kusikiliza. Nchi iliwatuma, kisha ikawaadhibu kwa kurudi na majibu. Tatu, Karama anafaulu pale walipoanguka wenzake sita, ingawa mawazo anayoyatetea ni yaleyale. Tofauti imo katika uwasilishaji. Anayageuza mashtaka kuwa jukwaa, anaigawa hoja yake katika visa vinavyofuatana siku baada ya siku, na anawafanya wasikilizaji wamhukumu mshtaki badala ya mshtakiwa. Hatimaye anaachiliwa huru na wajumbe wanafunguliwa.

Hata hivyo, hatuna budi kuitazama Kusadikika kwa jicho la kihakiki. Majina ya wahusika yanabeba sifa zao. Mtu aitwaye Majivuno hawezi kuwa na hoja nzuri; jina lake limekwisha kumshinda kabla hajafungua kinywa. Mbinu hii inafaa katika hadithi ya maadili, lakini inamdanganya mwanafunzi kuhusu ulimwengu. Wanaopinga masuluhisho mema katika jamii zetu mara nyingi hawana majivuno yoyote. Wana karo ya kulipa. Tutalirejelea jambo hili.

4.0 Gamba la Nyoka: Suluhisho kwa Amri

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliitangaza Tanzania kuwa nchi itakayofuata siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Wazo la msingi la vijiji vya ujamaa lilikuwa na mvuto: watu waishi pamoja, walime pamoja, na huduma kama shule, zahanati na maji ziwafikie kwa urahisi. Mwanzoni kuhamia vijijini kulikuwa kwa hiari. Kuanzia mwaka 1973 kukawa amri, na hadi kufikia mwaka 1976 mamilioni ya watu walikuwa wamehamishwa, wengine kwa nguvu.

Kezilahabi aliandika Gamba la Nyoka wakati majeraha hayo yalikuwa bado mabichi. Riwaya inatuonyesha wanavijiji wanaolazimishwa kuhama na vijana wasomi wanaojaribu kulioanisha wazo kubwa na maisha ya watu wanaowafahamu kwa majina. Thamani yake kwa mjadala wetu ni kwamba haimruhusu msomaji kusema kwamba wazo lilikuwa baya tangu mwanzo, wala haimruhusu kusema kwamba wanavijiji walikuwa wajinga waliokataa kheri. Inamweka katikati. Nyoka huvua gamba akabaki nyoka. Basi jamii inayobadilishwa kwa amri imebadilika kiasi gani ndani?

Linganisha sasa na Kusadikika. Kule mawazo mema yalikosa mamlaka. Hapa wazo limepewa mamlaka yote, polisi na magari ya kuhamishia watu, lakini limenyimwa mazungumzo. Matokeo yake yanafanana kwa njia ya kushangaza: suluhisho halikuota mizizi. Kutokana na riwaya hizi mbili tunaweza kudai kwamba udhaifu wa suluhisho lisilosikilizwa na udhaifu wa suluhisho lisilosikiliza ni udhaifu mmoja.

5.0 Walenisi: Suluhisho kwa Ushuhuda

Katama Mkangi, aliyefariki mwaka 2004, alikuwa mwanasosholojia na mwandishi wa riwaya, na mwaka 1986 aliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Haikosi kuwa na maana kwamba Walenisi inaanza na mtu aliyehukumiwa. Dzombo anatiwa katika chombo cha angani kiitwacho sayari, adhabu iliyokusudiwa iwe mauti yake. Badala ya kufa, anafika Walenisi, nchi ya watu walio sawa. Jina la nchi hiyo, likitamkwa polepole, linatoa siri yake: wale ni sisi.

Mkangi anaiwasilisha jamii hii kwa njia tofauti na watangulizi wake. Hakuna mahakama wala amri. Kuna mgeni anayeuliza na wenyeji wanaojibu. Dzombo amelelewa katika nchi ya matabaka, kwa hiyo shaka zake ni shaka za msomaji. Anashangaa pale ambapo nasi tungeshangaa. Katika mpangilio huu, msomaji anapewa haki ambayo wanavijiji wa Kezilahabi walinyimwa, yaani haki ya kuuliza “kwa nini?” kabla ya kukubali.

Msomaji mkali anaweza kulalamika kwamba majibu ya wenyeji yanaelekea kuwa hotuba, na kwamba hakuna anayemjibu mwenyeji kwa ukali wa kutosha. Lalamiko hilo lina mashiko. Lakini jina la riwaya linaziba sehemu ya pengo hilo. Ikiwa wale ni sisi, basi nchi ile si zawadi itakayoshushwa kutoka angani. Ni kioo kinachotuuliza tumebakisha nini tusifanane na tunaowatazama.

6.0 Maswali Manne kwa Anayebuni

Kutokana na uchanganuzi huu tunapendekeza maswali manne. Si kanuni za kukariri. Ni mizani ya kupimia pendekezo lolote, liwe katika insha, katika tamthilia ya wanafunzi au katika waraka unaopelekwa kwa viongozi wa kaunti.

Swali la kwanza: Ufa uko wapi leo, na ukuta wa kesho utamwangukia nani? Tatizo la kesho lisiloonyeshwa dalili yake ya leo ni ramli.

Swali la pili: Wajumbe wetu wamefika wapi? Yaani, ni nani wengine waliokabiliana na jambo hili, na walitumia nini walichokuwa nacho? Ubunifu si lazima uwe uzushi wa kitu kisichopata kuonekana. Mara nyingi ni kukiona cha jirani, au cha babu, kwa jicho jipya.

Swali la tatu: Nani atalipa? Kila suluhisho lina gharama, na gharama isiyotajwa huwa imekwisha kupangiwa mnyonge.

Swali la nne: Litasemwa kwa nani, kwa lugha gani, na ni nani mwenye nafasi ya kulikataa? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa katika Kifungu cha 10, na katika Kifungu cha 7 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Vifungu hivi viwili vinafaa kusomwa pamoja. Pendekezo linaloandikwa lote kwa Kiingereza, kisha likafafanuliwa kwa Kiswahili cha kubabaisha asubuhi ya kikao, limekwisha kuamuliwa kabla mwananchi hajalisikia. Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu ambao mhandisi hawezi kumbebea.

7.0 Mfano: Maji na Mchanga Ukambani

Ili maswali haya yasibaki maneno matupu, hebu tuyajaribu katika suala halisi. Katika kaunti za Machakos, Makueni na Kitui, mito mingi ni ya msimu. Hujaa kwa ghadhabu siku chache za mvua, kisha hukauka. Familia hutembea mwendo mrefu kutafuta maji, na mzigo huo kwa kawaida huwaangukia wanawake na watoto. Kadiri watu wanavyoongezeka na mvua inavyozidi kutotabirika, ndivyo ufa unavyopanuka.

Suluhisho mojawapo limekuwapo kwa miongo kadhaa: bwawa la mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukatiza mto wa msimu, ukikitwa juu ya mwamba. Mafuriko yanapokuja, huleta mchanga unaotuama nyuma ya ukuta. Baada ya misimu kadhaa, nyuma ya ukuta huwa pamejaa mchanga, na kati ya chembe zake mmejaa maji. Maji haya yanaweza kufikia kati ya asilimia 25 na 40 ya ujazo wote. Jua haliyafikii kwa urahisi, mbu hawapati pa kutagia, na mchanga wenyewe huyachuja. Wakazi huchimba kisima kifupi au huweka bomba. Mchanga, ambao mgeni angeuona kuwa takataka ya mafuriko, umefanywa ghala. Huo ndio ubunifu tunaouzungumzia.

Wajumbe je? Hawakuhitaji kwenda mbinguni. Wakazi wa Ukambani wana desturi ya mwethya, makundi ya watu wanaofanyiana kazi kwa zamu. Makundi hayo ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya kazi ya kukusanya mawe na kujenga. Suluhisho lilipata miguu kwa sababu lilipitia katika njia ambayo watu walikuwa wakiipita tayari.

Ni katika swali la tatu ambapo mambo huwa magumu. Mchanga huohuo unaohifadhi maji unatakiwa na wajenzi mjini. Malori huupakia kutoka mitoni, na vijana wasio na ajira nyingine hulipwa kuujaza. Mchanga ukiondoka, maji huondoka nao. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya uhifadhi na matumizi ya mchanga mwaka 2015. Sheria inaweza kulizuia lori. Haiwezi peke yake kumjibu kijana aliyekuwa akilijaza.

Sasa mpe mwanafunzi kazi hii: atunge onyesho la baraza kuhusu mto mmoja. Wamo mwanakikundi wa mwethya, afisa wa kaunti, mwenye lori na kijana mpakiaji. Mwanafunzi aliyelelewa kwa Majivuno atamwita kijana huyo Tamaa na kumshinda kwa ukurasa mmoja. Tunapendekeza kinyume. Kijana apewe jina la kawaida na apewe hoja kali kuliko zote: kwamba yeye ana dada anayesoma kwa fedha za mchanga, kwamba nyumba za wanaomkemea zilijengwa kwa mchanga uleule, na kwamba hakuna aliyemwita katika mkutano uliopita. Mwanafunzi asiruhusiwe kulifunga onyesho mpaka mhusika mwingine ampe kijana huyo jibu ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulikubali. Pengine uchukuaji utengewe maeneo na viwango. Pengine mpakiaji alipwe kuwa mjenzi na mlinzi wa mabwawa. Pengine ada inayotozwa mchanga irudi katika kijiji ulikotoka. Kila pendekezo lina gharama yake, na onyesho litaianika.

Zoezi kama hili haliwezi kuujenga ukuta hata mmoja. Lakini linafanya kazi ambayo michoro ya mhandisi haifanyi. Linaonyesha mapema, kabla ya saruji kununuliwa, mahali ambapo suluhisho litapasukia. Na ni kazi ya lugha tangu mwanzo hadi mwisho: kujua namna kijana anavyosema anapokasirika, mzee anavyokataa bila kusema hapana, na afisa anavyojificha nyuma ya istilahi.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba riwaya ya Kiswahili imekuwa ikibuni masuluhisho kwa zaidi ya nusu karne, na kwamba imefanya hivyo huku ikichunguza hatima ya wanaoyabeba. Shaaban Robert anatuonyesha mawazo mema yasiyo na baraza. Kezilahabi anatuonyesha wazo lenye mamlaka lisilo na masikio. Mkangi anajaribu mazungumzo kati ya mgeni na mwenyeji. Hakuna hata mmoja aliyeufunga mjadala, na pengine ndiyo sababu bado tunawasoma.

Tunapendekeza mambo mawili kwa walimu na wanafunzi wenzetu. La kwanza, maswali ya mitihani yaache kutosheka na orodha ya maudhui. Yamtake mtahiniwa apime utatuzi unaodokezwa na kazi ya fasihi na aonyeshe ni nani anayelipa gharama yake. La pili, vyama vya Kiswahili vyuoni viandae mabaraza ya maigizo kuhusu suala moja halisi la eneo lilipo chuo, na viwaalike wanaohusika waje waketi, wasikilize, na wapinge pale wanapoona wamesingiziwa. Iwapo mpakiaji mchanga atasimama katikati ya onyesho na kusema kwamba hivyo sivyo anavyofikiri yeye, tusimnyamazishe. Tumwachie jukwaa, tuchukue kalamu.